Magofu ya Uingereza: waliobomoa ni nani, na wenyeji walikwenda wapi?

Mwezi wa sita mwaka wa 1538, katika bonde dogo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mtawa mmoja alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia mlango. Watu wa mfalme Henry VIII walikuwa wamefunga monasteri yake, iliyoitwa Roche. Kila mtawa aliachiwa chumba alichokuwa akilala, na ndani yake hamkuwa na kitu cha thamani isipokuwa kitanda na nguo. Mlango wa mtawa huyo ulikuwa umetengenezwa kwa zaidi ya shilingi 5. Yeye aliomba peni 2 tu. Shilingi moja ya wakati ule ilikuwa peni 12, kwa hiyo kitu cha peni 60 kilikuwa kinauzwa kwa 2, na bado kilikosa mnunuzi. Kijana aliyeombwa kununua alikataa: hakuwa na mke, hakuwa na nyumba, mlango angeupeleka wapi?

Habari hiyo inajulikana mpaka leo kwa sababu kijana huyo alikuwa ndugu wa wazazi wa Michael Sherbrook, ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa parokia ya jirani na akaandika yale aliyoyasikia kwa wazee wake. Leo Roche ni gofu. Sehemu mbili za kanisa zimesimama bado, mawe meupe juu ya majani mabichi, na watu wanalipa kiingilio ili waingie kuzitazama.

Uingereza ina mahali pengi pa namna hiyo: ngome zisizo na paa, monasteri zisizo na watawa, kambi za askari wa Roma ambazo zimebaki mistari ya mawe chini. Shirika moja tu, English Heritage, linatunza zaidi ya mahali 400 pa historia. Mgeni anayepita huko hudhani kwamba mvua, baridi na miaka mingi ndiyo iliyobomoa. Mvua ilifanya kazi yake, ni kweli, lakini ilikuja nyuma. Mbele walitangulia watu wenye amri na karatasi mkononi, na karibu kila gofu lina familia zilizoambiwa ziondoke.

Katika kuta hizo, za zamani zaidi ni za Warumi. Jeshi la Kaisari Claudius lilivuka bahari mwaka wa 43, na utawala wa Roma ukakaa kisiwani zaidi ya miaka 350. Mwaka wa 122 Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe ukuta toka bahari mpaka bahari, urefu wa kilomita 117. Msikilizaji asifikiri kwamba waliolinda ukuta huo walikuwa wazaliwa wa mji wa Roma. Wengi walikuwa vijana wa makabila yaliyoshindwa vitani, wakaandikishwa jeshini na kupelekwa mbali na kwao. Katika kambi ya Vindolanda, ambayo ilikuwepo hata kabla ya ukuta, wachimbaji walianza mwaka wa 1973 kupata vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kibao kimoja ni hesabu ya kikosi cha Watungri: askari 752, kati yao wagonjwa 15, majeruhi 6, na 10 wenye kuumwa macho. Watungri hao walitoka upande wa Tongeren, katika nchi ambayo leo inaitwa Ubelgiji. Hapa Kongo, Mbelgiji anajulikana kama bwana mkubwa wa zamani. Huko Vindolanda mababu zake walikuwa askari wa chini wa mkoloni mwingine, wenye macho mekundu kwa ajili ya baridi na moshi labda, wakilinda ardhi isiyo yao.

Hawakuwa peke yao. Mjini South Shields kuna jiwe la kaburi ambalo mtu wa Palmyra, Siria, aitwaye Barates, alimwekea mke wake Regina. Regina alikuwa mwenyeji wa kusini mwa kisiwa, aliyekuwa mtumwa kabla ya kupewa uhuru na kuolewa, na alikufa akiwa na miaka 30. Chini ya maneno ya Kilatini, Barates aliongeza mstari mmoja kwa lugha ya kwao. Na Kaisari Septimius Severus, aliyefia mjini York mwaka wa 211, alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Leptis Magna, katika nchi ya Libya ya leo.

Roma ilipoishiwa nguvu, kufikia mwaka wa 410, kisiwa kiliachwa kijitetee chenyewe. Ukuta ukawa ghala la mawe la bure. Karibu mwaka wa 674 askofu Wilfrid alijenga kanisa la Hexham kwa mawe ya Warumi, na chumba chake cha chini kipo bado. Ukiingia unaona alama za mafundi wa Roma kwenye kuta za Wakristo. Baadaye monasteri ya Lanercost ilijengwa kwa namna hiyohiyo. Halafu, katika miaka ya 1750, serikali ilipotaka njia ya kupitisha askari na mizinga kuelekea magharibi, ilivunja vipande virefu vya ukuta na kutandaza mawe yake barabarani. Magari yanapita juu yake mpaka leo.

Ngome zilikuja na Wanormani. William, mtawala wa Normandy, alivuka kutoka Ufaransa mwaka wa 1066, akamshinda mfalme wa Waingereza karibu na Hastings, na mara moja akaanza kujenga ngome ndani ya miji. Ngome inahitaji uwanja, na katika mji uwanja una wenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 1085 William aliagiza mali zote za nchi ziandikwe katika kitabu kikubwa kinachoitwa Domesday. Makarani wake waliandika bila aibu yoyote kwamba mjini Lincoln nyumba 166 ziliharibiwa kwa ajili ya ngome. Nyumba 166 ni mtaa mzima. Majina ya familia hayakuandikwa, wala mahali walipokwenda. Kitabu kilihesabu nyumba kwa sababu nyumba ililipa kodi.

Kaskazini ilikuwa mbaya zaidi. Watu wa Yorkshire walipoasi, jeshi la William lilipita huko katika baridi ya 1069 na 1070, likachoma vijiji, mavuno na vyombo vya kulimia, likaua ng'ombe. Waliokimbia upanga walikufa kwa njaa. Miaka 16 baadaye, makarani wa Domesday waliopita vijijini waliandika neno moja la Kilatini, mara kwa mara, lenye maana kwamba pale pameharibika, hapana kitu.

Ilikuwa katika nchi hiyohiyo, iliyopungukiwa watu, kwamba watawa wa Sistersiani walifika miaka 60 baadaye. Walitaka mahali pa kimya, mbali na kelele za dunia. Rievaulx na Fountains zilianzishwa zote mwaka wa 1132, Roche mwaka wa 1147. Watawa hao wanasifiwa sana, na kwa haki: walikausha mabwawa, walifuga kondoo kwa maelfu, waliuza sufu mpaka Italia, walipokea maskini mlangoni. Lakini kimya chao kilikuwa na gharama, na gharama hiyo hawakuilipa wao kila mara. Mwaka wa 1143 kundi moja lilipewa kijiji cha Byland. Kijiji kilikuwa na watu. Watawa waliwahamisha wakaaji, wakawapangia kijiji kingine, nao wakachukua mahali pao. Halafu ikaonekana kwamba wako karibu mno na Rievaulx, kengele za monasteri mbili zinagongana usiku na mchana, kila upande unasikia kengele za mwenzake. Baada ya miaka michache watawa wakahama tena. Wanakijiji waliohamishwa kwa ajili yao walibaki kule walikowekwa. Kijiji hicho kipo mpaka leo, na kinaitwa Old Byland, yaani Byland ya Kale, ingawa ndicho cha pili.

Turudi sasa kwa Henry VIII na mlango wa peni 2.

Mwaka wa 1534 Henry alijitenga na Papa, kwa sababu Papa alikataa kuvunja ndoa yake ya kwanza, akajifanya mkuu wa Kanisa la nchi yake. Alikuwa pia na haja kubwa ya pesa. Waziri wake Thomas Cromwell alituma watu mwaka wa 1535 wahesabu mali za Kanisa zote, shamba kwa shamba. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kufunga monasteri zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka. Ilisemwa kwamba hizo ndogo ndizo zenye tabia mbaya. Zile kubwa zilisifiwa ndani ya sheria hiyohiyo, na ndani ya miaka minne zote zilikuwa zimefungwa, karibu nyumba 800 za watawa wa kiume na wa kike. Ya mwisho, Waltham, ilitoa ufunguo mwezi wa tatu mwaka wa 1540.

Watu wa kaskazini hawakukaa kimya. Mwezi wa kumi mwaka wa 1536 zaidi ya watu 30,000 walikusanyika chini ya bendera yenye alama ya madonda ya Kristo, wakiongozwa na mwanasheria Robert Aske. Walikuwa wengi kuliko jeshi la mfalme. Mfalme hakupigana nao. Aliwaahidi msamaha na mkutano wa Bunge mjini York wa kusikiliza malalamiko yao, nao wakamwamini, wakarudi makwao. Mkutano huo haukufanyika kamwe. Mwanzo wa 1537 fujo ndogo zikatokea tena, mfalme akapata sababu. Watu zaidi ya 200 waliuawa, na Aske alitundikwa kwa minyororo mjini York.

Baada ya hapo ni maabate wachache sana waliokuwa na hamu ya kubisha. Wamishonari wa Cromwell, kama mtu angeweza kuwaita hivyo kwa mzaha, walifika na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Watawa walitia sahihi. Aliyetia sahihi bila fujo alipewa posho ya kila mwaka, mara nyingi pauni 5 hivi. Watawa wa kike walipewa pungufu ya hapo, na sheria ya 1539 iliwakataza kuolewa ijapokuwa nyumba yao haikuwepo tena. Wafanyakazi wa monasteri, wapishi, wachungaji wa kondoo, wafua nguo, walipewa mshahara wa mwisho na kuambiwa kwaheri. Maskini waliokuwa wanakula mlangoni hawakuandikwa popote. London iliona hasara yake haraka: wagonjwa walilala barabarani mpaka viongozi wa mji wakamwomba mfalme arudishe hospitali, na St Bartholomew's ilirudishwa mikononi mwa mji mwaka wa 1546. Vijijini hakuna aliyeomba kwa niaba yao.

Kisha kazi ya kubomoa. Yeyote aliyeona nyumba ikiporwa anajua kwamba mabati huondoka kwanza. Paa la monasteri halikuwa la bati, lilikuwa la madini ya risasi, mazito na ya bei kubwa, na mfalme alijiwekea hayo pamoja na kengele. Huko Roche, kwa maelezo ya Sherbrook, walivunja viti ambavyo watawa walikuwa wamekalia wakiimba sala, wakawasha moto ndani ya kanisa, wakayeyusha risasi ya paa palepale. Kuni hazikukosekana, msitu ulikuwa karibu, walichagua viti. Vitabu vya sala viliwekwa juu ya magari ya ng'ombe kuziba matundu. Watu walibeba ndoana za chuma kutoka ukutani, milango, madirisha, hata vyombo vya bati vilivyokuwa vimefichwa kwenye mawe. Kanisa likikosa paa, mvua inaingia katika ukuta, baridi inagandisha maji hayo, jiwe linapasuka. Ndipo mvua ilipopata nafasi yake.

Waliobeba walikuwa nani? Hapa Sherbrook anasema jambo ambalo wanahistoria wengi wangelipita kimya. Wengi walikuwa majirani, watu waliokuwa wanasali katika kanisa hilo siku chache zilizotangulia. Baba yake mwenyewe alinunua sehemu ya mbao za kanisa na mbao zote za mnara wa kengele. Miaka 30 hivi baadaye mwana akamuuliza: wakati ule uliwaona watawa kuwa watu wabaya? Mzee akajibu hapana, hakuwa na sababu ya kuwafikiria vibaya. Sasa ilikuwaje ukawa tayari kuharibu kitu ulichokiona kuwa chema? Mzee alieleza kwamba aliona vitu vyote vinakwenda kwa vyovyote vile, na kama wenzake wanapata faida, kwa nini yeye asipate. Kwa hiyo alifanya kama walivyofanya wengine. Sherbrook aliandika jibu hilo bila kumtetea baba yake. Katika habari zote za magofu ya Uingereza, hakuna ushahidi mwingine wa wazi namna hiyo, na umetoka kinywani mwa mtu wa kawaida.

Risasi nyingine haikufika kwa mfalme. Huko Rievaulx vipande kadhaa vizito, vyenye mhuri wa kifalme, vilifunikwa na ukuta ulioanguka, vikasahaulika karibu miaka 400. Wafanyakazi waliokuwa wakisafisha gofu walivipata katika miaka ya 1920, na risasi hiyo ikatumiwa kutengeneza upya dirisha kubwa katika kanisa kuu la York, ukumbusho wa wanawake waliokufa katika vita ya kwanza ya dunia.

Ngome zilipata zamu yao karne moja baadaye, wakati Bunge na mfalme Charles I walipopigana kuanzia 1642. Corfe, kusini, juu ya kilima kirefu, ilikuwa mali ya jaji John Bankes. Mwaka wa 1643 yeye alikuwa na mfalme, na mke wake Mary Bankes alibaki ngomeni na binti zake, watumishi na askari wachache. Jeshi la Bunge lilizingira. Wanawake walimwaga makaa ya moto na mawe juu ya waliojaribu kupanda, na wavamizi wakaondoka. Mara ya pili hawakuhitaji kupanda: mwanzoni mwa 1646 mmoja wa maofisa wa ngomeni aliwaingiza maadui usiku akisema ni askari wa msaada. Mary Bankes aliruhusiwa kutoka akiwa hai, pamoja na funguo, kwa heshima ya ushujaa wake. Funguo hizo zinaning'inia mpaka leo katika nyumba ambayo mwanawe aliijenga baadaye, Kingston Lacy.

Bunge liliamuru Corfe ibomolewe isitumike tena kwa vita. Mafundi walichimba chini ya kuta, wakaweka baruti. Mnara mmoja wa lango ulipasuka katikati, nusu moja ikateleza chini ya kilima ikabaki imesimama wima, na iko hivyo mpaka leo. Wanakijiji walikuja na mikokoteni. Anayetembea katika kijiji cha Corfe leo anaweza kuona mawe ya ngome katika nyumba za watu wadogo, yamechongwa vizuri kuliko nyumba yenyewe inavyohitaji.

Kupenda magofu kulikuja baadaye sana, na mwanzoni kulikuwa kupenda kwa ajabu. Katika miaka ya 1770 tajiri mwenye Roche alimwita mpamba bustani maarufu, Lancelot Brown, naye akafukia misingi ya monasteri kwa udongo na majani ili kuta mbili zilizobaki zionekane vizuri kwa wageni wa chakula cha mchana. Ilibidi kuchimba tena. Kwenye ukuta wa Hadrian, karani wa mji wa Newcastle, John Clayton, aliyefariki mwaka wa 1890, alifanya vingine: alinunua shamba moja baada ya jingine ili kuzuia watu wasibebe mawe. Sheria ya kwanza ya kulinda magofu ilikuja mwaka wa 1882, lakini haikuwa na meno, maana mwenye mali aliweza kukataa. Mwaka wa 1911 meko makubwa ya mawe ya ngome ya Tattershall yaling'olewa yauzwe Marekani. Lord Curzon aliinunua ngome hiyo, akayafuatilia meko mpaka akayapata kabla hayajavuka bahari, akayarudisha. Sheria kali zaidi ilipita mwaka wa 1913.

Sheria hiyo ililinda mawe. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1943, kilomita chache magharibi ya Corfe, wakaaji wa kijiji cha Tyneham walipokea barua kwamba jeshi linahitaji ardhi yao kwa mazoezi ya vifaru, na kwamba waondoke kabla ya Noeli. Walikuwa zaidi ya watu 200, wengi wao wapangaji. Walipoondoka, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa. Iliwaomba askari watunze kanisa na nyumba kwa uangalifu, kwa kuwa watu wametoa makao yao ili kusaidia kushinda vita, na kwamba siku moja watarudi.

Vita iliisha mwaka wa 1945. Mwaka wa 1948 serikali ilichukua ardhi hiyo moja kwa moja kwa sheria. Wenyeji waliandika, walilalamika, wakazeeka. Tangu miaka ya 1970 wageni wanaruhusiwa kuingia Tyneham mwisho wa juma na siku nyingi za mapumziko. Kanisa lina paa bado, na shule pia. Nyumba zimebaki kuta. Siku ambazo jeshi linapiga mizinga, bendera nyekundu zinapandishwa na geti linafungwa.